Jibu 1 Kama Utakuja

Jumatatu, 18 Novemba 2024

Mfumo umefika. Umeletwa kwenye boksi, na kijana anayeitwa Faustin ameshuka nao kwenye basi la Morogoro akiwa ameukumbatia. Kishikwambi kimoja, chaja mbili, kidude cha intaneti. Basi! Nilidhani mfumo ni kitu kikubwa zaidi.

Daktari Remigius anatembea kama bwana harusi. Ana haki. Zahanati ni yake, kaijenga kwa kiinua mgongo chake hapa njia ya kwenda Mlimba, na mradi ulioleta mfumo umemchagua yeye kati ya wengi. Mimi ni nesi wake tu. Nimesimama mlangoni nimekunja mikono kifuani, na wote wawili wameona.

Faustin ametueleza. Kila mgonjwa wa presha, kisukari, pumu na kifafa ataingizwa humo. Tarehe yake ya kurudi ikikaribia, mfumo wenyewe unamtumia meseji. Jibu 1 kama utakuja, jibu 2 kama hutakuja. Asiyejibu anageuka mwekundu, na Leodegar, mhudumu wetu wa jamii, anapanda baiskeli kwenda kumtafuta. Anayejibu 1 ni kijani, huyo tusipoteze muda kumfuata. Tena mfumo unajifunza tabia za watu kadiri siku zinavyokwenda! Nikamwuliza utachukua muda gani, maana mimi niko nao tangu nizaliwe na bado. Akacheka. Mtoto ana adabu, aliniamkia kabla ya kunipa mkono.

Haya, niandike ukweli, hakuna anayesoma. Nimefurahi kidogo. Kadi zetu zimeliwa na mchwa. Mwaka jana mwalimu mmoja mstaafu alidondoka sokoni kwa presha, tulikuwa hatujamwona tangu Pasaka, na hakuna hata mmoja wetu aliyegundua kwamba haji. Mashine ingegundua.

Ijumaa, 22 Novemba

Wiki nzima kuingiza watu. Macho yanauma. Jina, umri, ugonjwa, unakaa wapi, namba ya simu.

Kwenye unakaa wapi hakuna aliyesitasita. Wote wametaja nyumbani—nyumba ya bati, yenye mlango na kufuli. Dungu la shambani, kile kibanda cha miti na nyasi, hakuna aliyelitaja, na nusu yao wiki chache zijazo watakuwa huko bondeni mpaka mpunga uvunwe. Mtu wa hapa hata umkute amelala ndani ya dungu, atakuambia anakaa Mbingu, hapa kijijini. Mama yangu alizaliwa dunguni na akazeekea dunguni, na kadi zake zote zimeandikwa Mbingu. Mimi mwenyewe nimeandika hivyo hivyo, mkono haukusita.

Jioni Faustin akatuma meseji ya majaribio kwa wote. Majibu yakaanza kumiminika. 1. 1. 1. 1. Kijana karibu aruke! Anasema huko walikotangulia kuuweka, nusu ya watu hawakujibu kabisa. Daktari akasema watu wangu ni waelewa.

Mtu anayekuheshimu akikuuliza utakuja, unasema nitakuja. Utasemaje siji? Nani kakulea? Hata harusi ambayo nauli yake huna, unasema tutakuwa pamoja. Nilitaka kumweleza Faustin, lakini alikuwa na furaha kama mtoto aliyepewa soda, na daktari ameshampigia mtu simu kumwambia. Nikaenda kumtengea ugali.

Jumatano, 4 Desemba

Siku mbaya.

Silvano amekuja na binti yake, Jenifer, kuchukua dawa za shamba. Ni kawaida yetu. Kila Desemba, watu wanapofunga nyumba kwenda bondeni, nilikuwa nawafungia vidonge vya kuwatosha mpaka mavuno, kwenye chupa ya plastiki iliyokauka vizuri. Mwaka huu hakuna. Mfumo unatoa dawa za mwezi mmoja tu, na mgonjwa mwenyewe awepo.

Sipingi sababu. Mwaka juzi mtoto alimeza vidonge vya bibi yake dunguni, akafa kabla ya kufikishwa barabarani. Vile vidonge nilivifunga mimi. Daktari alilia siku ile, na leo amenikumbusha kwa sauti ya chini. Ningembishia vipi?

Lakini Jenifer! Miaka mitatu hajaanguka kifafa. Nilimpokea akiwa binti mdogo mwenye makovu ya kuungua mpaka shingoni, mama yake hamruhusu kusogelea jiko wala maji. Sasa anapika mwenyewe, anasuka watu nywele, kuna kijana kule Kidatu anamtumia salamu. Leo baba yake alipotoka nje kufunga mzigo, akaniuliza haraka haraka, nesi, mtu aliyemaliza miaka mitatu anaweza kuolewa? Nikamwambia anaweza, ila asiache dawa hata siku moja. Ukiacha ghafla ugonjwa unarudi kwa hasira. Akasema anajua, hajawahi kuacha.

Nikampa za mwezi mmoja. Silvano aliviangalia vile vidonge kiganjani. Nesi, kutoka kule mpaka hapa ni siku nzima, mtumbwi halafu miguu, na mvua ikikaza hakuna njia. Nikamwambia atapata meseji ya kumkumbusha. Namba yenu ni ile ile ya nyumbani? Ni ile ile. Mtakuja?

Tutakuja, nesi.

Alisema haraka mno. Hakubisha hata kidogo. Angebisha, ningelala vizuri leo.

Jumatatu, 16 Desemba

Asilimia tisini na nne kijani. Daktari ameiprinti na kuibandika ukutani, juu ya ile picha ya kunyonyesha.

Benchi tupu. Mchana mzima wagonjwa wawili, na mbuzi wa jirani aliyeingia kukwepa mvua.

Jumatatu, 6 Januari 2025

Leo zamu ya Jenifer. Meseji ilikwenda Ijumaa, jibu likarudi kabla sijamaliza chai yangu. 1. Kijani kizuri. Nikatenga vidonge vyake kwenye bahasha tangu asubuhi, nikaandika jina.

Hawakuja.

Nimefunga mlango saa kumi na moja, nikafungua tena, nikachungulia barabarani. Leodegar akaniuliza namtafuta nani. Nikasema simtafuti mtu.

Mfumo wenyewe umempangia tarehe nyingine. Bila hata kuguna. Mimi ningeguna.

Alhamisi, 16 Januari

Tarehe ya pili. Amejibu 1. Hajaja tena.

Vidonge vyake vimekwisha, hilo halihitaji hesabu. Nimepiga ile namba asubuhi, mchana, jioni. Haipatikani. Nikampigia Faustin. Akaangalia huko aliko, akasema mgonjwa huyu yuko sawa, mfumo umemweka kundi la wanaochelewa lakini wanashirikiana. Wanashirikiana! Nikamwambia ni mgonjwa wa kifafa, si mwanakamati. Akasema kwa upole kwamba huenda anachukua dawa zahanati nyingine iliyo karibu na shamba. Inatokea sana, mama.

Huenda. Nimelishika neno hilo kwa mikono miwili.

Nikamwomba Leodegar aende mpaka kwa Silvano. Akanionyesha simu yake. Wekundu tu ndio wanaotokea humo, na baiskeli inatengenezwa kwa posho ya wekundu. Leo alikuwa amepangiwa watu watatu hapa Mbingu, kwenye matope yote haya. Wote watatu aliwakuta wazima, wanapika, simu zao zilikuwa hazina chaji tu. Alirudi amelowa mpaka mfukoni. Sikuwa na moyo wa kumsukuma tena.

Ijumaa, 24 Januari

Wageni wa mradi. Mama mmoja mkubwa kutoka Dar, mpole, kiatu cha bei, ameshika mkono wa kila mtu mpaka mfagiaji. Daktari alivaa tai. Tukasimama mbele ya ile karatasi ya ukutani, tukapigwa picha.

Halafu yule mama akanigeukia mimi. Wewe ndiye unayeutumia kila siku. Niambie ukweli, kuna changamoto yoyote?

Nilikuwa nayo mdomoni. Naapa. Jenifer, na benchi tupu, na watu wanaojibu kwa adabu tu. Daktari ananiangalia, Faustin ananiangalia, wali unanukia huko nyuma, mgeni ametoka mbali.

Nikasema hakuna, mama. Mfumo ni mzuri sana, unatusaidia.

Mdomo wangu mwenyewe! Akaandika. Nikala pilau yao sahani mbili, na nyama nikaongeza.

Jumanne, 11 Februari

Mzee Apolinari wa presha ni kijani. Amethibitisha kuja kesho kutwa.

Tumemzika Alhamisi! Nilikuwepo. Nilibeba udongo kwa mkono wangu. Nimempigia mjukuu wake, ndiye mwenye simu. Ndiyo, shikamoo nesi, ni mimi niliyejibu, niliona si vizuri kukaa kimya wakati zahanati imemuuliza babu.

Nilicheka mpaka nikakaa chini. Halafu nikaacha kucheka. Kama maiti ni kijani, Jenifer ni nini?

Faustin amesema ataripoti, watarekebisha kwenye toleo lijalo. Daktari amesema ni mmoja kati ya mamia, tusivunjike moyo. Nimeomba sasa nipewe orodha ya wote waliojibu na hawakuja, tuwafuate hao. Amesema wazo zuri. Akaenda kuongea na simu.

Jumapili, 16 Februari

Baada ya misa nimekwenda mwenyewe mpaka kwa Silvano. Kufuli mlangoni. Mama wa nyumba ya pili alikuwa anaanika dagaa. Wako shamba, nesi. Na dada yake Silvano aliyebaki kulinda nyumba kaenda msibani, atarudi siku yoyote.

Jenifer hajambo? Hajambo, nesi, wote hawajambo.

Nimerudi nyumbani nimetulia. Nimefua, nimepika, nimelala mchana. Sasa nakaa kuandika na kujiuliza, yule mama amejuaje kwamba hajambo, hajafika huko tangu Krismasi? Hakujua. Nilimuuliza hali, akanijibu hali.

Jumatano, 5 Machi

Jumatano ya Majivu. Mvua tangu jana haijapumzika, Mto Kilombero umeanza kupanda mabondeni. Njia ya mashamba ya Silvano wanasema inavukwa kwa mtumbwi tu, na si kila siku.

Jenifer: kijani.

Jumatano, 12 Machi

Nitaandika tu, kama yalivyotokea.

Asubuhi amekuja mwanamke anaitwa Edna, kabeba mtoto mwenye homa kali. Wametoka bondeni, wamelala njiani. Nikampima mtoto, malaria, nikamwekea dripu. Wakati nafunga plasta nikamwuliza, kama mtu anavyouliza tu, huko kwenu mnamfahamu Silvano?

Tunapakana naye. Pole yao, nesi. Yule binti yao ameanza tena.

Ameanza tangu katikati ya Januari. Mwanzo mara moja moja, sasa kila siku, siku nyingine mara mbili tatu. Wiki iliyopita kaangukia jikoni. Mkono wote wa kulia umeungua mpaka kwapani. Nikauliza nani alimtoa motoni. Edna akaangalia chini. Mama yake, nesi. Alikuwa anachota maji, akasikia kelele. Sisi tulikuwepo, lakini alikuwa anatoka povu, na unajua inavyosemwa kuhusu mate yao, unaambukizwa. Tukaogopa kumgusa.

Ningefungua mdomo ningemtukana, na mtoto wake yuko kwenye dripu yangu.

Nikamwachia Leodegar wodi, nikapanda bodaboda. Kufuli safari hii haikuwepo. Balbina, dada yake Silvano, yuko uwanjani anapepeta mchele, kanikumbatia kwa furaha. Karibu nesi! Kigoda hiki, kaa. Meseji zako zote napata!

Nikamwuliza simu iko kwako?

Iko kwangu. Silvano ameniachia, kule haishiki mtandao hata upande juu ya mti. Akaingia ndani, akatoka nayo kwenye kopo la maziwa, imefungwa kwa kitambaa. Huwa anaiwasha mara moja kwa siku, kutunza chaji. Akanionyesha, moja moja. Ona, hii nilijibu. Na hii nilijibu. Hata siku ile nimetoka msibani nimechoka, nilijibu kabla sijavua viatu. Kaka aliniagiza, nesi akituma, mjibu vizuri. Sijakuangusha hata mara moja!

Shangazi, kwa nini hukujibu 2? Ulijua hawaji.

Akanitazama kama nimemkosea heshima. Nesi! Nikujibu wewe kwamba hatuji? Baada ya yote uliyomfanyia mtoto wetu? Halafu nije nikutane na wewe kanisani nikuangalie na macho gani?

Nilikwenda pale kugombana na mtu, hapakuwa na mtu wa kugombana naye. Nikamweleza. Kwamba lile jibu ndilo lililomzuia Leodegar kuja. Kwamba angekaa kimya tu, asiandike chochote, Leodegar angekuja Januari, angeambiwa wako shamba, na njia ilikuwa bado kavu.

Aliendelea kupepeta. Kidogo kidogo akaacha. Mchele ukamwagika, kuku wakaja, hakuwafukuza. Akaniuliza kwa hiyo ni mimi? Nikamwambia hapana, shangazi. Na hilo nalo nimelisema kwa adabu.

Alhamisi, 13 Machi

Daktari alinisikiliza mpaka mwisho. Akaenda kabatini, akatoa vidonge, sindano, dawa ya kuungua, bandeji. Hakugusa kishikwambi. Akanipakia kwenye begi kwa mikono yake, kopo moja likaanguka likajiviringisha chini ya meza, mzee akapiga magoti kulitafuta.

Alipoinuka akasema, mbona hukuniambia mapema, Brigitha?

Nilikuwa na mengi ya kujibu. Karatasi yake iko pale pale ukutani. Nikasema samahani, daktari. Nimemwomba samahani! Mungu wangu, hivi nilizaliwa na ulimi gani.

Bodaboda imenifikisha mwisho wa tuta. Mbele ni maji matupu na vichwa vya matete. Mwenye mtumbwi hapa ni Agapiti, mtu mzima, mvuvi, anamfahamu Silvano. Ameangalia maji, ameangalia begi langu. Leo haiwezekani, nesi, mkondo mkali na kuna viboko wamehamia kwenye njia. Kesho.

Kweli kesho?

Kesho tutakwenda, nesi.

Nilimshika mkono. Nikamwambia tafadhali, kama hatuendi niambie hatuendi. Sitakasirika. Akashangaa. Akarudia, tutakwenda.

Nimepewa chumba kwa katekista, hatua chache kutoka ukingoni.

Ijumaa, 14 Machi

Hatukwenda. Agapiti ameondoka alfajiri na wavuvi wenzake, upande wa juu, nyavu zao zilikuwa zinachukuliwa na maji. Mke wake ananiambia atarudi sasa hivi. Saa nne alikuwa anarudi sasa hivi. Saa nane pia. Nimemwuliza kama kuna mtumbwi mwingine, akasema upo, unakuja. Haujaja.

Nimekaa na begi mapajani. Nafikiria mkono ule umefungwa na nini. Majani? Kitenge? Nafikiria amemeza nini siku zote hizi. Nafikiria alivyouliza kuhusu kuolewa, nikamjibu kwa kujiamini, nikampa bahasha ya mwezi mmoja.

Mchana simu ikalia. Faustin. Sauti inaruka kwa furaha—mradi umepitishwa, mfumo unapelekwa zahanati nyingine kumi na mbili za bondeni, na wameandika kwenye ripoti maneno niliyowaambia wageni. Maneno yangu, na jina langu.

Hapo nikapasuka. Nilisimama nikapiga kelele mpaka watoto wa katekista wakatoka nje. Faustin, haufanyi kazi! Wanajibu 1 kwa heshima tu! Wafu wanajibu 1! Msiwapelekee watu wa Mlimba, msiwapelekee wa Masagati, huko hata shangazi wa kushika simu hawana. Kuna binti wa watu anaungua na nyie mnamwona kijani!

Nilisema yote. Mara ya kwanza maishani nimesema yote.

Faustin akasema, pole sana mama. Asante kwa maoni yako, ni ya muhimu, nimeyaandika. Tutayafanyia kazi.

Hakuwa anadharau. Alikuwa ananijibu vizuri, kama alivyofundishwa kwao.

Agapiti amerudi jioni, amechoka, mguu unavuja damu. Hakuniahidi kitu. Amesema tu, lala, nesi.

Jumamosi, 15 Machi

Naandika nimekaa ukingoni, juu ya gogo. Mvua imekata. Jua limetoka kali, maji yanang'aa mpaka yanaumiza.

Agapiti anafunga tobo la mtumbwi kwa kitambaa na lami. Karibu amalize. Mikono yangu haina kazi, ndiyo maana naandika.

Ameinua kichwa. Anasema kuna mtumbwi unatoka kwenye matete.

Nimesimama, nimeona. Upo. Mwanaume nyuma anapiga pondo, ule mti mrefu wa kusukumia, mwanamke amekaa mbele ametugeuzia mgongo. Katikati kuna kitu kimelazwa, kimefunikwa kitenge.

Ni Silvano. Agapiti amemtambua kwa anavyosukuma pondo, mimi nimemtambua sasa hivi. Mwanamke ni mama yake Jenifer. Hageuki.

Kitenge kimefunika mpaka usoni. Jua hili, mtu yeyote angemfunika mgonjwa uso. Hata mimi ningemfunika. Nimetoa dripu nje ya begi, nimepasua karatasi ya sindano. Agapiti amevua kofia. Labda jasho.

Silvano ameniona. Ameacha kupiga pondo, mtumbwi unajiendea wenyewe. Ameita kutoka huko huko, shikamoo nesi. Nimeitikia marahaba. Nimemwuliza habari za huko, hakuna namna nyingine ya kuanza.

Nzuri, nesi.

Amesema nzuri. Kila mtu hapa huanza na nzuri, hata aliyekuja kutoa taarifa ya msiba huanza na nzuri, na lile neno ila huja baadaye. Anafungua tena mdomo. Mtumbwi bado haujagusa ukingo.